Mbono Uliokuwa Nje ya Mstari

Mume wangu Damiani alikuwa na mashine ya kusaga, na mashine ile ilikunywa dizeli kama watu wanavyokunywa pombe ya harusi. Ilikuwa kijijini kwetu, upande wa Chemba, kando ya uwanja wa mnada. Yeye alishughulika na injini, mimi nilisimama mlangoni kupokea madebe ya uwele na mtama. Mgawanyo huo wa kazi ulimfaa sana yeye, kwa sababu injini haitukani mtu.

Zamani bei ya mafuta tuliisikia redioni siku ya bajeti, basi, ikakaa hivyo mpaka bajeti nyingine. Sitatia chumvi: mara nyingi mafuta yenyewe hayakuwepo, na ungeweza kwenda Kondoa ukarudi na dumu tupu. Lakini bei uliijua. Likaja soko huria, mafuta yakajaa, na bei ikawa na tabia za mtu asiye na kwao. Mwenye lori aliyetuletea dizeli siku za mnada alitangaza bei mpya kabla hajasalimia. Tukimwuliza kulikoni, safari hii ilikuwa ni vita huko Uarabuni, safari nyingine ni dola, safari nyingine ni kimbunga kilichopiga visima vya Marekani. Mimi mpaka leo sijui kimbunga cha Marekani na uwele wetu vinahusiana vipi. Damiani alifuta bei ya zamani mlangoni kwa kiganja, akaandika mpya kwa chaki, halafu akaingia ndani kwa injini yake na kuniacha na wanawake wenzangu. Walinisema mpaka wakachoka. Wengine walirudi kutwanga nyumbani, na mchi wao walihakikisha ninausikia.

Ndiyo maana sikushangaa Damiani alipomeza kila neno la Ludovick.

Ludovick alikuwa kijana wa kampuni moja ya mjini iliyokuwa ikitafuta mbegu za mbono. Alikuja mwaka 2006 kwa pikipiki, akaitishiwa mkutano kwenye ofisi ya kata. Alieleza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alisema mafuta yaliyoko chini ya ardhi hayaoti. Yanachotwa tu, na kinachochotwa bila kurudishwa kina mwisho. Wajukuu wetu watasikia habari za petroli kama sisi tunavyosikia habari za misafara ya pembe za ndovu. Wazungu wameshalijua hilo na sasa wanatafuta mafuta yanayopandwa. Mbegu ya mbono ukiikamua inatoa mafuta, na injini ya dizeli inayatumia bila kukohoa. Tena mti wenyewe hauogopi ukame, na mbuzi hawaugusi.

"Ninyi wa huku kwenye ukame," alisema, "ndio mtakuwa Waarabu wa kesho."

Watu walicheka, ila hawakucheka kwa sababu ya Waarabu. Kwetu mbono ni mti wa makaburini. Msalaba wa mbao haumalizi masika mawili, mchwa wameshaula, na saruji ni ya wenye nazo. Kwa hiyo ukishazika unachomeka kijiti cha mbono upande wa kichwa, kinashika, kinakuwa mti, na mchwa wanauacha. Ukipita mahali ukauona mbono umesimama shambani peke yake, unajua hapo pana mtu, unapunguza sauti. Mama mkwe wangu, Bibi Tereza, alisimama akamwuliza Ludovick kwa Kisandawe kama kampuni yake imekuja kuvuna makaburi. Alipotafsiriwa, Ludovick alicheka pia, akasema mti ni mti tu, bibi.

Nyumbani kwetu tulikuwa na mbono mmoja. Ulikuwa wa Miriam, mtoto wetu wa kwanza. Surua ilimchukua akiwa ndiyo kwanza ameanza kutembea, tukamzika nyuma ya tembe tulilokuwa tukiishi wakati huo, na kijiti nilikichomeka kwa mkono wangu. Baadaye mashine ilipotupa nafuu tulibomoa tembe, tukajenga nyumba ya bati upande wa barabarani. Pale nyuma pakawa shamba letu la uwele, ardhi nzuri kuliko zote tulizokuwa nazo, kwa sababu ng'ombe walilala hapo miaka mingi. Tuta la kaburi lilishashuka likawa sawa na ardhi. Hapakuwa na jiwe wala ukuta wa kupimia. Mbono ule ndio ulionionyesha mtoto wangu yuko wapi, na nilikuwa nakwenda kukaa chini yake nikichambua mboga. Sikuwa nakwenda kulia. Nilikuwa nakaa naye tu.

Damiani alipotangaza kwamba atapanda mibono shamba lile lile la nyuma, tuligombana. Nilimwambia uwele unaliwa, mbono hauliwi. Akanijibu kwamba uwele tutanunua kwa fedha ya mbono, na kwamba akishapata mafuta yake mwenyewe hatangoja tena mwenye lori amtangazie dunia imeamkaje. Mume wangu ni mtu mpole, lakini akikata kauli ni sawa na kuzungumza na injini yake. Nilipoona hivyo nikaweka sharti moja: shina la Miriam lisiguswe. Akitaka matawi ya kupanda, akate, mti hautakufa. Shina libaki pale lilipo. Alikubali papo hapo, na Bibi Tereza alikuwepo akisikia.

Mvua zilipoanza sikuwepo. Nilikuwa Dodoma mjini, Area D, kwa binti yetu Rose aliyekuwa amejifungua, na nilikaa huko mpaka arobaini ya mtoto. Niliporudi nilikuta kazi imekwisha. Mistari ilikuwa imenyooka kwa kamba, vijiti vimeanza kutoa majani, na katikati ya shamba nikauona mbono wa Miriam. Ulikuwa umekatwa matawi yote, lakini shina lake nene lilikuwepo linachipua. Nilishukuru. Jioni hiyo nilimchinjia mume wangu kuku.

Tangu hapo tukaanza maisha ya ajabu. Ludovick alikuwa ametuambia wazi kwamba bei ya mbegu itafuata bei ya mafuta ya dunia. Kwa hiyo mibono ilipoanza kuzaa, tulijikuta mashineni tunaomba dizeli ishuke na shambani tunaomba ipande. Mungu sijui alitusikilizaje. Mwaka 2008 dizeli ilipanda mpaka siku zisizo za mnada tukawa hatuwashi mashine kabisa, na Damiani badala ya kununa akawa anapiga mluzi. Alikuwa hasikilizi taarifa ya habari ila pale wanapotaja bei ya pipa la mafuta. Pipa likipanda alikuja kunitangazia jikoni kama vile ng'ombe wake amezaa. Ludovick alileta lori, akachukua mavuno yetu ya kwanza, akalipa vizuri. Na mimi, ukweli usemwe, nilinunua vitenge na kumwomba Damiani radhi kwa yote niliyosema nyuma.

Halafu huko duniani mabenki yakaanguka, na mafuta yakaanguka nayo. Kuelekea Krismasi mwenye lori alishuka mnadani na bei tuliyokuwa tumeshaisahau, tena safari hii alisalimia kwanza. Wanawake walipanga foleni mlangoni kwangu, wakaniita dada. Ludovick hakuonekana tena, na simu yake ikawa haipatikani. Wengine waliopanda kando ya mashamba hawakuumia sana, mibono yao ikabaki kuwa uzio. Sisi tulikuwa tumepanda pale penye chakula. Mavuno yaliyofuata tuliyajaza kwenye magunia, yakakaa ndani, mwisho tukayatupa kwenye shimo la choo cha zamani, kwa sababu mbegu zile ni sumu na mtoto wa Rose, aliyeletwa kukaa kwetu, alikuwa bado anatia kila kitu mdomoni.

Mwaka 2009 mvua zilitusaliti. Shamba letu la mbali, la mchanga, halikutoa kitu, na tukawa watu wa mashine ya kusaga wanaonunua uwele kwa kibaba. Kila asubuhi nilifungua dirisha la nyuma nikaona ardhi yetu nzuri imejaa miti ambayo hata mbuzi hawaitaki. Damiani alikonda. Hatimaye alisema yatosha, mibono ing'olewe kabla mvua hazijaanza, turudishe uwele. Nilifurahi, na sikumficha.

Kumpata wa kung'oa ndiyo ilikuwa kazi. Kwetu hakuna anayeng'oa mbono bila kuuliza. Vijana walikuja mpaka ukingoni mwa shamba, wakaitazama mistari, wakakumbuka kwamba wana shughuli nyingine. Mwishowe walikubali watu wawili wazima waliokuwa wakilima vibarua kwa plau ya ng'ombe, Shaaban na mwenzake Matonya. Nao walitaka jambo moja tu. Walikuwa wamesikia kwamba humo kuna kaburi la mtoto, wakasema waonyeshwe lilipo ili wasilikaribie.

Ombi hilo lilikuwa rahisi. Asubuhi waliyokuja nilichana kipande cha kanga yangu, nikaenda mpaka kwenye lile shina nene la katikati, nikakifunga. Nikawaambia wamwache mtoto na nafasi yake ya kutosha, kwingine kote ni vijiti tu. Matonya alivua kofia kuuelekea ule mti, akaivaa tena. Bibi Tereza alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya mlango wa nyuma, akatikisa kichwa kuridhia. Wakaanza kwenye mistari ya ukingoni, Matonya anang'oa mashina kwa sururu, Shaaban anafuata nyuma na ng'ombe.

Damiani alisimama kando ameshika jembe bila kulima. Nilifikiri anaionea uchungu mibono yake, na nikamwonea huruma kidogo. Ukingo ulipokwisha na ng'ombe kugeuzwa kuelekea katikati, alilitupa jembe, akaenda kusimama mbele ya ng'ombe.

"Msilime," alisema.

Shaaban alimwuliza kama amebadili mawazo. Damiani alikuwa akinitazama mimi. Kijiji kizima huniita Mama Rose. Lile jina langu la kwanza la uzazi lilikuwa halijatamkwa nyumbani kwetu tangu tulipotoka kuzika.

"Mama Miriam," alisema. "Hapo ulipofunga kanga sipo alipo."

Nilimwambia sijamwelewa. Nilikuwa nimeshaanza kumwelewa.

"Mti wake ulikuwa nje ya mstari. Ludovick alisema shamba lisilonyooka halisajiliwi na kampuni. Niliung'oa nikaupanda kwenye mstari."

"Uliung'oa wapi?"

"Huku." Alinyoosha mkono, akausogeza kidogo kushoto, kisha akaushusha. "Au huku. Nilisema nikimaliza mstari nitaweka jiwe. Mvua ikashika kabla sijamaliza. Nikakimbilia ndani. Nilipotoka, pote palikuwa tope, sawasawa pote."

Nilimpiga. Nilimpiga kwa kiganja, mbele ya mama yake na mbele ya vibarua, na hakujikinga. Nilikumbuka yule kuku nikampiga tena. Miaka yote ile nilikuwa nimeketi mahali pasipo na mtu, nikipalilia pasipo na mtu, nikimsimulia habari za mdogo wake mahali asipokuwepo, na baba yake ananiona kutoka mlangoni na kunyamaza. Nilimchukia siku ile. Sisemi kwamba nilikasirika. Kukasirika nakujua, na hiki kilikuwa kitu kingine.

Shaaban, ambaye alikuwa mtu mzima na mwenye watoto, alisema kwa upole kwamba pengine tungeweza kufukua kidogo kidogo kwa mkono mpaka tumwone. Bibi Tereza aliongea kutoka kwenye kigoda chake bila kunyanyuka. Alisema mtoto akishalazwa haamshwi, kisha akajifunika kanga usoni, na huo ndio ukawa mwisho wa wazo hilo.

Kuna jambo moja ambalo namhesabia Damiani hata leo. Angeweza kunyamaza. Mimi nilikuwa nimeshafunga kanga, vibarua walikuwa wameridhika, na plau ingepita. Tungepanda uwele juu ya mtoto wetu, tungeuvuna, na mimi mwenyewe ningeusonga ugali tukala, nisijue kamwe. Alipoona ng'ombe wanageuka, hilo lilimshinda. Ndiyo maana bado ninaishi naye.

Alipoweza kuongea tena aliniuliza sasa tufanyeje.

"Iliyobaki usiguse hata mmoja," nilimwambia.

"Na chakula?"

"Tutakula tutakachopata. Lakini hutapitisha jembe humo, nami sijui yuko wapi."

Hakubisha. Vibarua walifungua ng'ombe wakaondoka, na Matonya aliivua tena kofia yake, hakuivaa mpaka walipofika barabarani. Ile sehemu ya ukingoni waliyokuwa wameshailima tulipanda uwele, kwa sababu kule nina hakika hakuwepo. Damiani alikwenda kufyeka pori jipya mbali, mwendo wa kutosha kumchosha mtu wa umri wake, na ardhi ya huko ni ya kubembeleza. Hakulalamika mbele yangu. Mibono ikaachwa ikue inavyotaka. Haikupogolewa tena, matawi yakashikana, mbegu zikaanguka zikaota zenyewe, na baada ya muda ile mistari iliyompendeza Ludovick ikapotea kabisa. Mimi nikawa nahamahama mle ndani. Leo nachambulia mboga hapa, kesho pale, nikijua kwamba siku moja katika siku hizo nipo naye.

Dizeli haikukaa chini. Ilianza kupanda tena polepole, serikali nayo ikawa inatangaza bei kikomo kila mara, na Damiani akarudi kwenye chaki yake. Mwaka 2011 ilikuwa imefika tena pale pa kufunga mashine siku zisizo za mnada. Ndipo gari jeupe likasimama mbele ya nyumba, akashuka dada mmoja mwenye viatu vya kazi na kofia ya jua. Aliniamkia shikamoo vizuri, akajitambulisha kuwa anaitwa Lea na anatoka kampuni nyingine, si ile ya Ludovick. Alikuwa ameiona mibono kutoka barabarani. Alisema amezunguka wilaya nzima hajaona shamba lililokomaa hivi, na kwamba safari hii mambo ni tofauti, mafuta yamepanda na wataalamu wanasema hayatashuka tena. Niliwahi kuyasikia hayo, lakini binti alikuwa na adabu, nikamkaribisha kiti.

Damiani alitoka mashineni na mikono yake ya grisi akaja kusimama karibu yetu. Lea alitaja bei ya kilo. Nikamwambia haiuzwi. Akaongeza. Nikamwambia hata mbegu zilizoanguka chini haziuzwi. Alimtazama Damiani, kama wafanyavyo wageni mwanamke anapokataa, na Damiani akatazama chini. Basi akaniuliza, bila ubishi, kama anaweza kujua sababu.

"Ni kaburini, mwanangu," nilimwambia.

Inaelekea hata kwao mbono wanaujua, maana alivua ile kofia. Aligeuka akaliangalia shamba upya, taratibu, kuanzia upande wa nyumba mpaka kule miti inakoishia kwenye korongo, na macho yake yakarudi yamelowa. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ndogo.

"Poleni sana, mama. Ilikuwa kipindupindu?"

"Surua."

"Walikuwa wangapi?"

Niligeuka nikamtazama Damiani, kwa sababu niliona hilo ni lake kulijibu. Alijifuta mikono kwenye suruali, akaifuta tena.

"Mmoja," alisema.

Lea alingoja amalizie, lakini alikuwa amemaliza.